Magamba ya Kamongo

Shombo ya kamongo haifanani na ya samaki mwingine yeyote. Inanuka tope, kinamasi kilichokauka nusu. Mwezi uliopita jirani yangu wa hapa Kisumu alinipa kisu nimsaidie kumsafisha mmoja, akaniambia nisiogope, ameshakufa. Nikacheka. Mwenzenu namjua kamongo tangu utotoni, na ninajua anavyouma.

Miaka michache baada ya Uhuru, Baba alirudi kwetu Ekerenyo na sanduku la kioo begani. Mzungu wa mashamba ya chai alikuwa akihama, akampa, akamweleza kwamba Wazungu hufuga samaki humo. Baba alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kweli kweli, na mkali ajabu. Fimbo yake ilikuwa na msumari wake ukutani, na si sisi watoto tu tulioijua. Aliliweka sanduku mezani akatoa sheria: samaki mwenye magamba asiingie humo.

"Nikiweka ngege hapa, nikigeuka tu mtamla na ugali," alisema.

Maandiko yanamkataza asiye na magamba, kwa hiyo huyo ndiye angekuwa salama na midomo yetu. Sisi tuliona hiyo ni akili kubwa. Kumbe wengi wa hao wasio na magamba ndio majambazi wa majini!

Sokoni kulikuwa na mama aliyepanda kutoka ziwani na beseni za samaki wazima. Kaka yangu Mogaka alichagua kambare watatu wenye ndevu ndefu. Mimi nikachagua kioja: kinene, cha rangi ya tope, na badala ya mapezi kilikuwa na nyuzi nne zinazoning'inia.

"Mtoto wangu, kamongo huyo hukaa peke yake," yule mama alinionya.

Baba, aliyekuwa akiwakagua magamba kwa macho, alijibu kwamba nyumbani kwake hakuna anayekaa peke yake. "Watapatana. Wasipopatana, nitawapatanisha mimi."

Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa mekundu. Kambare mmoja alikuwa kichwa tu, ndevu zingali zikicheza. Mwingine hakuwa na mkia, na bado alikuwa akijaribu kuogelea, maskini. Mogaka alinipiga ngumi ya pua, nikamng'ata sikio. Baba akatuchapa wote wawili, na Mama alipoingilia kati, fimbo ikamshukia yeye. Katikati ya vilio vile kamongo alipanda juu, akavuta pumzi kwa sauti, akashuka zake chini. Nilimpenda sana. Ndiye pekee mle nyumbani ambaye hakuwa akimwogopa mtu.

Ijumaa jioni Baba alitia mkono ndani amwokoe kambare aliyebaki. Kamongo akamdaka kidole, na kamongo akidaka haachii. Baba alinguruma, akamvuta nje, akambamiza ukutani tena na tena. Sanduku likaanguka, vioo vikatapakaa, damu ikarukia kitambaa cheupe ambacho Mama alikuwa amekitandika kwa ajili ya Sabato. Meno yalipoachia, kidole hakikuwa na ncha. Baba akachukua panga.

"Baba Mogaka, jua linatua," Mama alisema. "Ukimwaga damu ya najisi saa hii, kesho utasimamaje madhabahuni?"

Panga lilibaki hewani. Baba alikuwa akihema.

"Basi mshike umwangalie. Akiwa na gamba hata moja, si najisi tena. Namkatakata, na utampika sasa hivi kabla giza halijaingia!"

Mama alipiga magoti juu ya vioo. Alimpapasa kamongo kutoka kichwani hadi mkiani, kisha kutoka mkiani hadi kichwani, polepole. Vidole vile ndivyo vilivyokuwa vikichambua nafaka ya wimbi gizani visiache chembe ya mchanga.

"Hana," alisema.

Baba aliamini papo hapo. Mama hakuwa mtu wa uongo, kila mtu alilijua hilo. Hata wanawake wa kanisa walipomuuliza jicho lake limevimba kwa nini, hakusingizia mlango, alinyamaza tu. Baba akalitupa panga, akaenda kufunga kidole. Mama akamviringisha kamongo katika gunia bichi, tukashuka naye mtoni, magoti yake yakichuruzika damu njia nzima. Akamwachia kwenye matete.

"Nenda," alimwambia, "na usirudi huku."

Sasa pale jikoni kwa jirani, nilikwangua ute kwa kisu, na chini yake nikaona magamba. Madogo madogo, yamejipanga mwili mzima. Nikaweka kisu, nikapapasa. Hata vidole vyangu hivi, vilivyokufa ganzi kwa miaka ya kuchuma chai, viliyahisi mara moja.

Niliketi sakafuni. Jirani akashtuka, akauliza kama nimejikata. Nilitikisa kichwa, machozi yananitoka. Miaka yote hiyo nilidhani Mama aliogopa dhambi. Kumbe alimdanganya Baba usoni, panga likiwa juu, kwa ajili ya samaki wa mtoto aliyesimama pembeni akitetemeka. Na hakulitaja mpaka tukamzika.

Kwa ajili yake mwenyewe hakuwahi kusema uongo hata mmoja.