Siku Muchanga Ilinikatia Maneno ku Foni

Batoto, ile haya! Mpaka leo nikipita ku misioni ya hapa Likasi ninafunika uso na kitambaa.

Balikuwa banakuya kuposa mutoto wangu Mwadi. Na kwetu, kama noko (kaka ya mama) hasemi, mutoto haolewe. Sasa kaka yangu mukubwa, Kabwe, alikuwa ku Kapolowe, muntu muzuri kabisa, ila lutuku njo ilikuwa inamunywa yeye (ile pombe ya kali, munaijua, musijifanye).

Bon, ku misioni kulikuwa foni, mashini ya kusemeleana, mudogo wangu Ngoie anasikia kule Kapolowe. Lakini foleni nzima inasikia pia! Njo nikakumbuka luga yetu ya kujificha ya butoto: kila kipande ya neno unabandika «pa».

Bwana ya foni, juu ya kuchunga batri, alikuwa anageuza kachupa ya muchanga ya ba masere (basista ya misioni), ile ya kupimia mayai: muchanga ikiisha, anakata, hata ukilia. Miye nilikuwa nasafisha vyombo ku jikoni ya ba masere, nikapima maneno palepale na ile kachupa: «Mukuye na Kabwe, kama ameacha lutuku, kama hapana, mulete Mwamba mudogo yake.» (Mwamba naye ni noko.) Ikaenea mbele muchanga iishe, nikacheka peke yangu. Kumbe (ona bujinga!) nilipima maneno ya wazi, ile ya kujificha, yenye kurefuka, sikuipima.

«Mupakupayepa napa...»

Bantu kicheko. Bwana ya foni: «Sitwayene (njo vile serikali ilitaka banamuke baitwe), luga gani hii? Batasema tunafanya politiki!»

«Ni ya kwetu, papa!»

«...Kapabwepa...» Tak! Akakata. «Mwenye kufwata!»

Ngoie alisikia tu «Mukuye na Kabwe». Posa ikafika. Kabwe anaimba toka barabara. Bakwe (bale ba kuposa) bameikala na heshima, yeye akasimama: «Mutoto muzuri huyu! Bukari yake (ugali) tu njo inashinda mawe kwa bugumu!» Kisha akaikala ndani ya beseni ya samaki. Bakwe bakasimama: «Mama, tutarudia siku ingine.» Mwadi akalia.

Nikarudia ku foni, safari hii nilipima maneno ya kujificha yenyewe, ikakatala kuenea. Nikaacha yote. Nikasema wazi, foleni nzima inasikia: «Ngoie, mulete Mwamba, Kabwe anakunywa.»

Mama moja nyuma yangu akasema: «Eh, nani hajue?»

Mwamba akakuya, bakwe bakarudia, Mwadi akaolewa. Lakini ninawazaga: nilificha kintu yenye bote balikuwa banajua, na ile kuficha njo ilikula nafasi ya neno mukubwa. Sitarudilia! Siku hizi neno yenye kuniuma ninaitanguliza, wazi, muntu acheke kama anapenda kucheka.