Hukumu Niliyoisoma Barazani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika biro, yaani ofisi ya serikali, ya Kasongo, nilivaa kaptula nyeupe na soksi ndefu mpaka magotini. Diploma yangu nilikuwa nimeiviringisha ndani ya kipande cha mwanzi ili mvua isiiguse. Nilikuwa nimerudi kutoka Stanleyville, ambako nilikaa miaka minne kwa mafrere, mabruda wa shule ya misheni. Baba yangu alibeba mizigo ya wazungu kichwani mpaka shingo ikapinda. Hakuna ndugu aliyenisomesha. Nilifagia kanisa, nilifua nguo za mapadri, nikasoma, nikashinda waliozaliwa na viatu miguuni. Nawaambieni hivi, ninyi vijana mnaolalamika leo kwamba kazi hakuna.

Karani niliyemkuta pale aliitwa Bwana Sumaili. Alikuwa mtu wa mji, Mwislamu, mwenye kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono. Herufi za Kiarabu alifundishwa na baba yake. Zile za kizungu alijifundisha mwenyewe kwa kunakili barua. Aliichukua diploma yangu, akaisoma yote, mpaka jina la mpiga chapa pale chini, kisha akanirudishia.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Sasa utafute miwani. Karatasi za humu mchwa wamezisoma kabla yako."

Administrata wa wakati ule, mkubwa wa territoire, yaani wilaya, hakuwa mtu wa salamu. Alinitazama viatu, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuamuru: "Hapa karatasi hapana potea. Kama inapotea, karani ndiye amepotea." Maneno hayo niliyashika kuliko katekisimu.

Kazi yetu ilikuwa ya grefu, yaani chumba cha karatasi za mahakama. Kilikuwa nyuma ya biro, chenye dirisha moja na rafu za mbao ambazo miguu yake tuliisimamisha ndani ya mikebe ya petroli ili mchwa wasipande. Kila shauri lilikuwa na dosie yake, yaani jalada, iliyofungwa kwa kamba ya mulala, na kila dosie ilikuwa na namba katika kitabu kikubwa cha mashauri: jina la mshtaki, jina la mshtakiwa, sultani au chifu wao, jambo lenyewe, hukumu. Mtu aliyetaka kopi ya hukumu alikuja barazani akaeleza haja yake. Nami nikayaandika maombi, akaweka dole gumba. Nikaitafuta dosie, nikainakili, Administrata akatia sahihi na kashe, muhuri wa serikali. Mwisho, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, biro yetu ilikuwa na kanuni: kopi isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya mwombaji na wapinzani wake, asije mtu akasema karani amebadili maneno.

Shida ilikuwa kupata mwaka. Vitabu vilipangwa kwa miaka, na watu hawakuhesabu miaka kwa namba. Mmoja atasema ni mwaka wa nzige, mwingine ni mwaka ule homa ilipomaliza watu, mwingine ni wakati wa Administrata mwenye jicho la kioo. Karani wa kawaida hapo hushindwa. Mimi nilitengeneza daftari langu: upande mmoja miaka ya watu, upande wa pili miaka ya serikali. Mwombaji akiniambia jino la kwanza la mtoto wake liliota baada ya barabara ya Wamaza kukatwa, nilijua kitabu gani nishushe. Wakaguzi walitoka Kindu kuja kulitazama daftari hilo. Hakuna aliyenifundisha.

Kwa sababu hiyo nilipandishwa, nikapelekwa Kabambare kuwa karani mkubwa. Karatasi za zamani za upande ule zililetwa kutoka Kasongo ndani ya masanduku, na Bwana Sumaili akaletwa pamoja nazo kama msaidizi wangu. Alikuwa na umri wa baba yangu. Nilikaa mbele yake kwenye meza ya karani mkubwa bila haya yoyote.

Ni Kabambare alikonijia Mulonda.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, mkulima wa mpunga kutoka kijiji kimoja upande wa Wamaza, na mkubwa wa ukoo wake tangu baba yake alipokufa. Mdogo wake wa mama mwingine, Kabemba, alikuwa amemshtaki mbele ya sultani. Alisema Mulonda hawezi kushika ukoo wala ardhi ya baba, kwa sababu mama yake Mulonda, marehemu Mangaza, alikuwa mtu wa kununuliwa wakati wa Waungwana, wale wafanyabiashara wa pembe na watumwa kabla ya serikali. Sultani alimpa Kabemba haki. Mulonda akapeleka shauri kwa Administrata wa Kabambare, naye akapewa mwezi mmoja alete ushahidi. La sivyo Administrata ataamua kwa kusikiliza wazee wa kijiji.

"Karatasi iko," Mulonda aliniambia. "Baba, mbele ya kufa, alinishika mukono akasema: shauri ya mama yako ilikwisha bomani, karatasi yake iko kule, usiogope mutu. Nimekuja mara mbili. Ule muzee ananiambia haikuonekana."

Nilimtazama Bwana Sumaili. Alikuwa akichonga penseli.

"Mzee alitafuta kwa macho yake," nikamjibu Mulonda, kwa sauti ya kusikika na wote waliokuwa barazani. "Mimi nitatafuta kwa elimu. Kwangu hakuna karatasi isiyoonekana."

Nilimwuliza alikuwa na umri gani baba yake alipoitwa bomani. Hakujua, ila alikumbuka kwamba mama alimwacha njiani chini ya nguzo ya waya wa simu, ya kwanza aliyowahi kuiona. Hilo lilinitosha. Siku ya tatu niliipata dosie, imekunjwa ndani ya dosie ya shauri jingine la mbuzi. Haikuwa imepotea. Mtu aliiweka pale.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilikuwa ya Kifaransa, kurasa mbili. Ilisema kwamba mwanamke aitwaye Mangaza alinunuliwa na mume wake kutoka kwa mtu wa msafara, kwa bunduki moja na nguo. Ilisema tena kwamba siku aliponunuliwa alikuwa na mtoto mchanga wa kiume mgongoni. Mtoto huyo aliitwa Mulonda.

Bwana Sumaili alikuwa ameingia bila mimi kusikia.

"Umeona," akasema.

"Ulijua siku zote."

"Nilijua. Tumekuwa wawili sasa. Mwambie haikuonekana, mara ya tatu. Wazee wa kijiji wanamupenda. Administrata akisikiliza wazee, huyu mutu atabaki kwake."

"Huo ni uongo ndani ya biro ya serikali."

"Ni uongo wangu mimi. Serikali iko na yake."

Nilimwambia kwamba diploma yangu haikutolewa kwa kuficha karatasi. Aliniuliza kama kule Stanleyville walitufundisha pia kunyamaza. Nikamwambia atoke nje. Alitoka, na baada ya siku hiyo aliniita karani mkubwa tu, hakuniita tena mwanangu.

Nataka msomaji anielewe. Nilijua yaliyomo kabla ya siku ya kusoma. Niliyanakili kwa mkono wangu, herufi nzuri, bila doa la wino. Ningeweza kumwita Mulonda pembeni nikamwambia aondoe maombi yake, kanuni ilimruhusu. Sikumwita. Nilikuwa nikifikiria uso wa Administrata atakapoona kwamba nimeipata karatasi ambayo karani wa miaka yote alishindwa kuipata.

Siku ya baraza Mulonda alikuja na mke wake, wanawe wanne waliokwisha kuoa, na wakwe. Kabemba alikuja na watu wake. Administrata alikaa kwenye kiti, mguu juu ya mguu. Mulonda alikuwa amenyoa, amevaa koti la marehemu baba yake. Nilipoinua karatasi aliniomba jambo moja:

"Karani, usome kwa nguvu. Hawa wasikie."

Nikasoma kwa nguvu. Nina sauti nzuri. Kule shuleni mimi ndiye niliyekuwa nikisoma nyaraka kanisani. Nilisoma bunduki, nilisoma nguo, nilisoma mtoto wa mgongoni na jina lake. Hapo kelele zikaanza. Mtu wa nyuma alicheka akasema, kumbe si mama peke yake, walinunua na mzigo wake. Administrata alipiga meza. Mke wa Mulonda alivuta kitambaa akajifunika mdomo. Kabemba mwenyewe alitazama chini. Nadhani hata yeye hakuwa akilijua hilo la mtoto.

Palikuwa na mistari mitatu bado. Ilisema kwamba mume, alipoulizwa na mahakama, alijibu kuwa mwanamke ni huru, amebaki kwa kupenda, na kwamba mtoto yule ni mwanawe, asitajwe tena vingine na mtu yeyote. Kwa mistari hiyo marehemu baba yake alimwambia asiogope. Niliisoma mistari hiyo pia, lakini nani aliisikia? Watu walikuwa wamesimama. Administrata aliyeisikia alisema kwa Kifaransa kwamba desturi hufuata damu, akaithibitisha hukumu ya sultani.

Mulonda aliweka dole gumba chini ya kopi, kama kanuni ilivyotaka. Aliikunja, akaitia katika mfuko wa koti. Kisha alilivua lile koti, akalikunja pia, akaenda kuliweka mbele ya miguu ya Kabemba, na karatasi ndani yake. Mulonda na watu wake walihama mpunga ukiwa haujavunwa.

Mimi nilipata barua ya sifa. Administrata aliandika kwamba mimi ni karani wa kwanza mweusi aliyemwona ambaye hashindwi na archive, yaani karatasi za zamani. Ninayo mpaka leo. Bwana Sumaili aliomba kuacha kazi mwezi ule ule, akarudi Kasongo.

Miaka miwili baadaye tulizunguka na Administrata msaidizi kuhukumu mashauri ya wafanyakazi huko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Asubuhi moja nilikuwa nikipita karibu na mfereji wanaposafishia mchanga, mtu mwenye koleo akasimama wima akaniita.

"Karani."

Alikuwa amekonda, magoti yamepasuka kwa maji. Nilimtambua kwa urefu wake: Mulonda. Nilimsalimu, nikamwuliza habari za watoto. Aliniambia wawili wamerudi kwa watu wa mama yao, wawili hajui. Nikamwambia kwamba nilifanya kazi yangu.

"Ulisoma muzuri," akasema. "Wote walisikia. Lakini miye iko na ulizo moja. Ile karatasi inasema baba si baba yangu, kijiji si kijiji yangu. Sawa. Inasema sasa kwetu ni wapi? Mama alitoka wapi?"

Niliijua karatasi ile kwa moyo, na bado naijua. Karani wa wakati ule aliandika bunduki, akaandika rangi ya nguo, akaandika jina la mtu wa msafara. Mahali alikotoka mwanamke hakuuliza.

"Haikuandikwa," nikamjibu.

"Pengine ulipita haraka. Utanitazamia tena?"

Nikamwahidi. Kapita, msimamizi wa kazi, alipiga kelele, Mulonda akarudi kwenye mchanga.

Niliporudi Kabambare nilianza kutafuta. Nilitafuta katika vitabu vya misafara, katika ripoti za maofisa wa mwanzo, katika orodha za watu waliofunguliwa. Niliandika Kindu, niliandika Stanleyville kwa jina la biro, jambo ambalo ni kosa. Nilikwenda Kasongo nyumbani kwa Bwana Sumaili kumwuliza. Alinipa kiti na kahawa, akasema hata yeye aliwahi kutafuta hilo. Nilipopita tena Salamabila, mwaka uliofuata, waliniambia Mulonda amekufa kwa mapafu. Walinionyesha kaburi: kipande cha ubao chenye namba yake ya kazi, bila jina la ukoo, kwa kuwa mtu wa kambi alipomwuliza siku ya kuandikwa, hakutaja ukoo wowote.

Niliendelea na kazi mpaka bendera ikabadilika na zaidi, nikastaafu nikiwa na medali moja na barua za sifa sita. Vijana wanaokuja kwangu kuniuliza namna ya kupata hukumu za babu zao, nawaeleza yote: mwaka, sultani, jambo, namba. Kazi hiyo naijua kuliko mtu yeyote katika Maniema ya kusini, na sioni sababu ya kujishusha. Lakini ombi moja nililetewa kwa mdomo, kando ya mfereji wa mchanga, na sikulijibu. Bado nikiona karatasi yoyote ya zamani, hata ya kufungia chumvi sokoni, naigeuza kwanza nisome kama imemtaja mwanamke aitwaye Mangaza, na alitoka wapi.