Cheti cha Damu ya Mchumba Wangu

Wakati ule mji wetu ungali ukiitwa Stanleyville, nami nilikuwa infirmier wa labo, yaani muuguzi wa maabara, nikijiona nusu daktari. Kazi yangu ilikuwa kupima kaswende. Unachukua maji ya damu, unayapasha moto, unatia tone juu ya kioo, unalichanganya na dawa iliyotengenezwa kwa moyo wa ng'ombe, kisha unakitikisa kioo polepole. Kama damu ina kingamwili, dawa hugandana chembechembe. Kama haina, hubaki laini.

Kila mgonjwa nilimpa hotuba ile ile: kipimo hiki hakijui kutofautisha kaswende na buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi wa watoto. Mtu aliyeugua buba utotoni akapona, kingamwili zake zinaweza kubaki mwilini miaka na miaka. Kwa hiyo, bwana, usimfukuze mkeo bure. Niliisema vizuri sana, hata wanawake walikuwa wakinishukuru.

Sasa, kambi yetu ya wafanyakazi haikumpa mtu nyumba ya ndoa bila cheti cha damu ya mchumba. Damu ya bwana arusi haikuulizwa. Mchumba wangu alikuwa binti wa wavuvi wa pale maporomokoni, na nilijitapa kwamba nitampima mwenyewe, asiguswe na mkono mwingine.

Dawa iligandana. Nilirudia mara tatu, ikagandana mara tatu.

Basi hotuba yote ikanitoka kichwani. Nilipanda baiskeli hadi kwao nikamuuliza, mbele ya mama yake, alikuwa na nani kabla yangu. Naona aibu hata kuyaandika haya. Mama akainua kidogo liputa aliyojifunga binti yake, akanionyesha kovu la zamani kwenye muundi.

"Papa, ile ni buba. Batoto yote ya hapa iliugua," akasema mama.

Mchumba wangu hakulia. Aliuliza tu: "Na damu yako, ulishaka kuipima?"

Sikuwahi. Nilikuwa nimechoma sindano nusu ya mji, lakini mimi mwenyewe nilijiona msafi kwa sababu ya koti jeupe. Kesho yake nilijipima. Dawa iligandana hata sijamaliza kutikisa kioo, ndipo nikakumbuka vidonda vyangu vya utotoni.

Nikafurahi! Nikaandika "buba ya utotoni" kwenye cheti chake, nikakipiga mhuri, nikaenda kwao mbio na karatasi zote mbili, cheti chake na majibu ya damu yangu, nikidhani mambo yamekwisha.

"Bon," akasema mchumba wangu. "Jana uliamini kioo, mi hapana. Leo unaniamini sababu kioo imekusema na weye. Alors, uoe kioo."

Cheti chake alikichukua. Niliumia, na nilistahili. Baada ya miezi michache aliolewa na karani wa reli kule Ubundu, ambaye naye kazini kwake walitaka damu ya mchumba. Alimpa kile nilichomwandikia mimi, chenye mwandiko wangu mzuri kabisa. Wanasema yule karani alikikunja akakitia mfukoni bila hata kukisoma.