Niliunga friji direct, dawa ya Mama ikaganda

Wakuu, salaam. Hili nnalieleza kama lilivyotokea, hata pale linaponiaibisha.

Naishi Chukwani na mama yangu, Bi Zuhura. Ana kisukari, anajichoma insulini kila siku, na dawa inakaa kwenye friji. Friji hilohilo ndilo anagandishia barafu za ukwaju anazowauzia watoto wa mtaani kwetu.

Mwezi uliopita friji likagoma kuwaka. Nikapima, kumbe themostati imekufa, kile kidude kinacholizima friji likishapoa vya kutosha.

Nami nikafanya wanavyofanya mafundi wetu wengi: nikaitoa, nikaunga waya zake mbili moja kwa moja, direct. Friji likawaka. Likawa halizimi tena!

Mama alifurahi. "Hili sasa ndo friji, lile lilikuwa kabati." Asubuhi barafu zishakuwa mawe. Na mie kichwa kikavimba, fundi mie.

Baada ya siku tano Mama akaanza kulegea, kiu haimwishi, chooni kila saa. Tukenda hospitali. Sukari iko juu mno, nikaogopa.

Nesi akamuuliza dawa anaiwekaje.

"Iliganda, nikaiyayusha nikajichoma. Kwani barafu ikiyayuka si inarudi maji?"

Nesi akatikisa kichwa. Insulini ikishaganda haifai tena, ni ya kutupa. Akauliza friji lina nini.

"Bovu tu," Mama akajibu haraka, wala hakunitazama.

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Si bovu, nesi. Ni mimi."

Alhamdulillah, akapewa dawa mpya, sukari ikashuka. Siku ya pili nikenda sokoni Darajani na ile themostati mbovu mkononi, nikapata ya aina ileile.

Nikachomoa friji ukutani kwanza. Waya nikazirudisha kwa kufuata mchoro wa nyuma ya friji. Ule mrija mwembamba wa themostati nikauingiza mahali pake ndani, maana ndio unaohisi baridi.

Nusu saa tu, wakuu! Nusu saa niliyoikwepa kwa uvivu.

Direct si matengenezo. Kama lako limeungwa hivyo na ndani mna dawa ya mtu, nenda kaiondoe hiyo direct kwanza, kisha rudi hapa unisute. Nastahili.

Siku hizi barafu zinachelewa, watoto wakigonga Mama anawaambia warudi alasiri. Mie nikisikia friji limenyamaza, roho yangu inatulia.