Kasha Alilolikalia Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi ile moshi wa jiko langu ulipopanda juu ya Itetemia, hapa Tabora, mpaka kunguru wakageuza njia huku wanakohoa. Usicheke, mwanangu, niliwasikia kwa masikio yangu. Na watu wa Kigoma, kama siku ile walitazama upande wetu, bila shaka waliona wingu wakaanza kuanua nguo.

Nilikuwa bibi harusi wa juzi. Mume wangu, huyu huyu Mzee Maganga anayesinzia pale mlangoni, alikuwa amepanga vyumba viwili pembeni ya mji. Siku hiyo mama yake alikuwa anakuja kutoka Lusu, kule Nzega, kula chakula cha mikono yangu kwa mara ya kwanza. Na alikuwa anakuja na wifi yangu Kabula, mwenye ulimi wa kukwangua ukoko bila maji.

Sasa ujue kilichonitoa jasho. Katika ukoo ule mkamwana hakuitwa kwa jina alilotoka nalo kwao. Aliitwa kwa chakula chake cha kwanza. Mke wa shemeji yangu mkubwa aliwaandalia wali wenye vijiwe viwili vitatu, basi, akawa Mama Kokoto. Akazaa, akalea, akajenga nyumba ya bati, lakini siku ya harusi ya bintiye mshereheshaji akasimama na kipaza sauti: "Sasa tumkaribishe mzazi wa bibi harusi, Mama Kokoto!" Nikaapa kwamba mimi hawanipati.

Na nilikuwa na elimu yangu ya kujitungia, kwamba heshima ya nyumba ni moshi. Enzi zile jirani alikusoma kwa kutazama paa lako. Moshi mwembamba, nyumba ina njaa. Moshi mnene, njoo na kijiko. Basi nikawasha kila kinachowaka. Jiko moja la mkaa la chai, jingine la maji ya kuoga wageni ambao hata Nzega hawajaondoka, na nje mafiga ya makande, kuni nimezisukuma zote kwa pamoja mpaka miali inalamba mdomo wa sufuria. Makande yenyewe sikuyaloweka usiku. Ya nini kuloweka, na mimi nina moto wa kuyeyusha reli? Mfuniko nao niliuweka kando ili harufu itembee mtaani inisifie.

Jua lilipopanda, harufu ilikuwa imetembea, moshi umetembea, na mkaa nao umetembea. Gunia lilibaki vumbi, kuni zilibaki majivu. Nikaonja makande. Punje ya hindi ikagonga jino, ko! Nikaona jina la Mama Kokoto linaniambaa ambaa kama mbwa aliyepotelewa na mwenyewe. Mwenye baiskeli ya mkaa alikuwa ameshapita alfajiri, na basi la Nzega lilikuwa njiani. Moto huzaa majivu, walisema wahenga, na mimi siku ile nilikuwa mkunga wake.

Nikakaa chini nikilia, sijui kwa moshi, sijui kwa uchungu. Hapo kichwa cha jirani yangu Bi Salma kikachomoza juu ya ua. Alikuwa mjane mzee wa ukoo wa Kiarabu, ambao babu zao waliuza vitambaa na chumvi tangu Tabora ilipokuwa njia panda ya misafara.

"Wewe mjukuu wangu, unapika au unachoma matofali?"

"Shikamoo Bibi. Napika. Wakwe wanakuja."

"Marahaba. Wanakuja kula, au wanakuja kufukizwa?"

Akazunguka akaingia uani. Akatazama majiko, akatazama sufuria iliyo wazi, akatikisa kichwa taratibu. Hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Tangu alfajiri unaipikia mbingu, mwanangu. Sufuria yako imepata makombo tu."

Kisha akaleta koleo la makaa kutoka jikoni kwake, akaongeza maji, akafunika. Makande yakachemka tena mpaka mfuniko ukacheza ngoma. "Haya," akasema, "njoo tubebe." Tukalitoa chumbani kwake kasha la mbao, zamani lilihifadhi vitambaa vya biashara, sasa ndani limejazwa vifuko vya usufi na blanketi kuukuu. Tukaliweka sebuleni kwangu. Akaifuta sufuria masizi, akaivingirisha blanketi, akaizamisha kwenye usufi kama mtoto mchanga, akafunga kifuniko na kutandika kanga juu.

"Bibi, linawashwa wapi?"

"Haliwashwi. Moto umo tayari ndani ya sufuria. Kazi yetu ni kuunyima njia ya kutorokea." Akaniambia kwamba wapagazi wa misafara walifunga chungu hivyo hivyo asubuhi, wakafika kambini chakula kimeiva. Ni yeye aliyesema, mimi nasimulia tu, ingawa napenda kumwamini. "Ila sharti, mjukuu wangu. Usifunue mpaka wageni wanawe mikono. Ukifunua umelifukuza joto, na halirudi hata ulibembeleze."

Akaenda zake. Mwanangu, umewahi kuwashwa mahali usipoweza kujikuna? Nilifagia sebule ile mpaka sakafu ikakaribia kuona aibu. Kila nikipita naligusa kasha. Nikajiambia nitafunua kidogo tu, nichungulie kwa jicho moja, jicho moja haliingizi baridi. Mkono ulikuwa umeshashika kifuniko niliposikia, "Hodi wenyewe!"

Mama mkwe akaingia, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, magoti yakimuuma kwa safari, Kabula na mume wangu nyuma yake. Nikapiga magoti nikamwamkia, nikamvutia kiti. Akakitazama kiti chetu chembamba kama mtu anayetazama daraja bovu. Kisha akapita, akajishusha, pu! Juu ya kasha.

Sasa niambie, wewe uliyesoma, mkamwana anamwinuaje mama mkwe? Kabula alikwenda jikoni akarudi amenyanyua nyusi.

"Mama, jiko limelala. Hata paka wao amejinyoosha juu ya mafiga."

"Chakula kipo, wifi," nikasema.

"Kipo wapi? Sokoni? Au leo mmefunga, na sisi hamkututumia habari?"

Wakanong'onezana Kinyamwezi, na mimi Kinyamwezi nakijua vizuri, ingawa neno "kokoto" halihitaji mkalimani. Nikagawa maji, nikagawa karanga, nikauliza habari za ng'ombe mmoja mmoja. Mara mbili nilitamani kumwomba mama asogee nichungulie, na mara mbili ulimi ulikataa. Ajabu ni kwamba kadiri tulivyozungumza ndivyo uso wake ulivyozidi kulainika. Akanyoosha miguu.

"Maganga," akamwambia mwanawe, "kiti hiki ulinunua wapi? Magoti yangu yametulia kabisa. Kina joto kama mgongo wa ndama."

Nikatazama sakafu. Jasho langu lingetosha kuloweka makande mengine.

Mwishowe nikaleta maji ya kunawa, na Bi Salma kama aliyeitwa akatokea mlangoni. Alipoona mgeni ameketi wapi, akapiga makofi.

"Karibu sana, mama! Umeatamia vizuri. Sasa inuka tuone vifaranga."

Mama mkwe akainuka hajui hili wala lile. Bi Salma akaondoa kanga, akafungua, akafunua sufuria. Mvuke ukatoka ukajaza sebule. Makande yalikuwa laini kiasi kwamba bibi kizee asiye na meno angeweza kuyala kwa kuyatazama. Nikachanganya karanga nilizotwanga, nikapakua.

Hapo mama mkwe akaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashika ukuta, na ukuta nao nadhani ulicheka kidogo.

"Maisha yangu yote nimepika kwa mikono," akasema akijifuta machozi, "leo nimepika kwa kukaa!"

Akala, akaongezwa, akaongezwa tena. Kabula akakwangua sufuria kwa kidole. Na kabla ya kunawa, mama akatamka hukumu yangu: "Huyu jina lake ni Mama Kasha." Basi ndilo hilo unaloniitia mpaka leo, na ulikuwa hujui lilikotoka.

Alipotoka nje kuagana, aliona lile lundo la majivu. Kicheko kikapungua. "Nilipokuwa na umri wako," akaniambia, "kuni zilikuwa nyuma ya nyumba. Leo wasichana wa kwetu wanatoka na umande, wanarudi jua la utosi." Hakuniambia zaidi. Akamwomba Bi Salma amwonyeshe namna ya kujaza usufi, ingawa yeye alisema ataweka pamba, kwao imejaa. Nilipokwenda Lusu baadaye, kila mwanamke alikuwa ameketi juu ya kasha lake akisuka ukili, na mtu hukujua nani amepumzika na nani anapika.

Miaka ikapita, nikaingia shule ya jioni pamoja na vijana niliowabeba mgongoni. Mwalimu akauliza nani anajua joto linavyohama. Nilinyoosha mkono nusura ning'oe taa.

Sasa wewe unahamia Chemchem na mtungi wako wa gesi, unadhani haya ni mambo ya mafiga. Hata gesi huisha, mwanangu, tena huisha usiku wa kuamkia sikukuu. Loweka kunde zako ukienda kulala. Funika sufuria, harufu itajitembeza yenyewe. Zichemshe vizuri kwanza, kisha zifungie, moto uzime. Maji uliyooshea mboga lipe papai uani, nalo lina kiu kama wewe. Sokoni nenda na kikapu chako. Si mambo makubwa haya, lakini akiba haiozi. Na usiache kukumbuka kwamba mti hukua miaka mingi, ukateketea kwa chai ya mtu asiyefunika birika. Tunasema fuata nyuki ule asali; nyuki naye anafuata maua, na maua yako mtini. Sisi watu wa Tabora tukimaliza miti, tutamfuata nani?

Mungu akupe moto mdogo na sinia kubwa. Akupe wageni wengi na majirani wenye vichwa virefu vya kuchungulia juu ya ua. Moshi wa nyumba yako uwe haba, na kicheko chake kisikike mpaka Nzega.

Na lile kasha Bi Salma aliniachia, nami nakupa wewe. Lichukue uondoke nalo leo. Ila subiri kidogo, usimwamshe Mzee Maganga pale mlangoni. Amelikalia, na kunde hazijaiva.