Bunduki ya Baba Yako Ibaki Kwangu

Nakumbuka siku moja, Mwende mwanangu, siku ya Novemba kabla hujazaliwa, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Theluji ilikuwa bado haijaanguka, lakini ardhi ilikuwa imeshaganda, na ukikanyaga mabua ya mahindi yanalia kama vigae. Tulikuwa tumetoka mjini Burnsville, huku ughaibuni, tukielekea kusini, na nyuma ya gari kulikuwa na raifo, bunduki ya risasi iendayo mbali, ambayo baba yako aliazimwa na mwenzake wa kazini. Njia nzima alikuwa akipiga mluzi. Wewe ulimjua, hakuwa mtu wa kupiga mluzi.

Furaha ile ilitoka mbali. Babu yake alikuwa mwindaji kule Kitui, mtu wa upinde na mshale, na watu walikuwa wakimwita kutoka vijiji vingine. Serikali ilipopiga uwindaji marufuku, mzee alitundika upinde wake darini na hakuushusha tena. Baba yako akiwa mtoto alimwomba amfundishe, akajibiwa, "Nikikufundisha sasa, nitakuwa nakufundisha wizi." Mzee akafa na ujuzi wake. Kisha mjukuu akaja huku kwenye baridi isiyo na haya kusomea uuguzi, akaambiwa kwamba mtu mwenye kibali anaingia porini kuwinda mchana kweupe, na majirani wanamtakia heri. Mara ya kwanza alidhani anataniwa.

Shamba tulilokwenda kuwinda lilikuwa la Mzee Arvid, mkulima mzungu. Mimi nilikuwa nimemuuguza mke wake katika siku zake za mwisho, na baada ya mazishi alituita tukawinde kwake. Nadhani alitaka tu kusikia sauti za watu uani. Alitupokea akiwa na ovaroli yake, akatupa kahawa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe, kisha akaiona ile raifo.

"Hiyo irudi kwa gari, kijana," akasema.

Upande ule wakati huo sheria ilikuwa shotgani tu, ile inayopiga risasi moja nene wanayoiita slagi. Raifo ilikuwa ya kaskazini, kwenye misitu. Yule mwenzake wa kazini aliwinda kaskazini, kwa hiyo jambo hilo halikumjia akilini. Baba yako aliona aibu, na aibu ya mwanaume, mwanangu, hugeuka ubishi upesi. Akasema raifo inalenga vizuri zaidi, kwamba mnyama haumii sana, kwamba sheria nyingine ni za zamani tu.

Mzee Arvid hakubishana naye. Alituongoza mpaka kwenye mwinuko mdogo mwisho wa shamba, ule ambao kutoka nyumbani kwake ulionekana kama ndio mwisho wa dunia. Tulipofika juu tukaona ng'ambo ya pili. Kulikuwa na nyumba nyeupe, kamba ya nguo, na mtoto wa kike amevaa koti jekundu akibembea kwenye gurudumu lililofungwa mtini.

"Huyo ni mjukuu wa jirani yangu," akasema. "Risasi ya raifo ikimkosa kulungu haichoki. Inaendelea na safari yake. Mimi sikuulizi kama unajua kulenga. Nakuuliza, ukikosa, ni nani atakayempokea mgeni wako?"

Baba yako alimtazama yule mtoto muda mrefu. Halafu akaichukua raifo, akaifungia garini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini pale guu halingekuwa lake. (Siku hizi nasikia wataalamu wanasema hata slagi ikigonga ardhi hudunda mbali. Sawa. Mzee alisema aliyoyajua, na swali lake bado ni swali.)

Mzee Arvid akamwazima baba yako shotgani yake mwenyewe. Ndiyo hiyo iliyo kabatini kwangu.

Tulikaa kando ya mtaro, mimi na baba yako, na makoti yetu ya rangi ya chungwa, ya kuonekana na wawindaji wengine, kama mafundi wa barabara. Mimi sikujua kuwinda. Nilienda kwa sababu sikutaka akae peke yake na bunduki ya watu. Baada ya muda akatokea dume la kulungu upande wa pili wa mabua, mwenye pembe kama mti uliopukutika. Baba yako akainua bunduki, akaishusha.

"Mbona hupigi?" nikamnong'oneza.

"Ni mbali. Hii haifiki kwa uhakika."

"Na ile ya kwenye gari?"

"Ile ingefika." Kisha akaanza kunieleza, kwa sauti ya chini kabisa, vile babu yake alivyokuwa akimsogelea mnyama mpaka anamsikia akitafuna. Mshale hauna mbali, alisema. Mshale unakulazimisha kumjua unayetaka kumuua. Nilikuwa nimeishi naye miaka, na sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile bila kuulizwa.

Dume akaondoka zake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo tuliinama, tukautambaa ule mtaro, upepo ukitupiga usoni ili mnyama asipate harufu yetu, magoti yangu yakiwa barafu. Tulipoinuka kidogo kulikuwa na jike karibu sana, nikaona mvuke ukitoka puani mwake. Nikasikia meno yake kwenye mahindi. Baba yako akapiga mara moja tu.

Alipomfikia alipiga magoti, akasema naye kwa Kikamba, maneno ya babu yake ambayo sikujua kwamba anayajua. Hata yeye hakujua. Aliniambia baadaye kwamba yalitoka yenyewe, kwamba lazima babu aliyasema kwa mbuzi wa kuchinjwa pale nyumbani, akiwa amekatazwa kuyasema porini. Halafu alilia. Mzee Arvid alikuja na trekta, akamwona, akageuka kuangalia mawingu mpaka baba yako akamaliza. Mwaka uliofuata aliuza shamba akahamia kwa mwanawe, na ile shotgani akaiacha mikononi mwa baba yako.

Kila Novemba tangu hapo nilisikia kabati likifunguliwa. Tangu tumzike baba yako, majira ya baridi mawili sasa, halijafunguliwa.

Ndiyo maana ulipokuja Jumapili ukasema, "Mum, nime-decide, nitaenda kuwinda na bunduki ya Dad," moyo wangu ulisema ndiyo kabla ya mdomo. Nilitaka kuiona ikitoka mlangoni. Nilitaka kusimama dirishani nione koti la chungwa na mtutu ule, na kwa dakika moja nisijue ni nani anayekwenda.

Kisha ukavua sweta kunisaidia vyombo, nami nikaliona bega lako lilivyovilia damu.

"Ni kitu kidogo," ukasema. "Ni kwa range tu, kwenye mazoezi ya kulenga. I'm getting used to it."

Mwanangu, mimi ni nesi. Najua jeraha la siku moja na jeraha la wiki nzima. Na rafiki yako wa mazoezini aliniambia, usimkasirikie, kwamba unafumba macho kabla ya kufyatua. Shotgani unayojifunzia huko ni sawa na ile ya baba yako, ina teke la punda, na mwili wako umeshajifunza kuliogopa. Anayefumba macho hapigi anapolenga. Anapiga tumbo, anapiga mguu, na mnyama anaenda kufia mahali asipoonekana. Baba yako asingekula nyama ya namna hiyo.

Wahenga husema mwacha asili ni mtumwa, na mimi nakubali. Lakini asili ya baba yako haikuwa chuma kile. Chuma kile ni cha mzungu aliyetupa kahawa mbaya. Bunduki huchaguliwa kwa ardhi utakayosimama juu yake na bega litakaloibeba. Kumlilia baba ni kazi nyingine, nayo tutaifanya mimi na wewe tukiwa tumekaa.

Kwa hiyo nasema hivi. Sheria ya raifo imelegea siku hizi upande ule wa kusini, lakini kila kaunti ina uamuzi wake, uliza kwanza. Wakiruhusu, nunua raifo ndogo isiyo na teke, ile utakayoipiga macho yakiwa wazi. Wakikataa, kuna shotgani nyepesi za geji ishirini, zenye mtutu mwembamba zaidi, na hazina ukali huo. Ukiwa na raifo, usiwe mtu wa kupiga kutoka mbali kwa sababu tu darubini imekuletea mnyama karibu. Msogelee kama uliye na mshale. Na kabla ya kidole kugusa kifyatuo, tazama kilicho nyuma ya mnyama. Kama huoni udongo wa kuipokea risasi, shusha. Maji yakimwagika hayazoleki, na risasi hairudi kuomba radhi.

Shotgani iniachie. Nitaipaka mafuta mwenyewe.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe upepo wa usoni, mkono usiotetemeka na moyo usio na pupa. Akulinde na barafu ya barabarani na watu wanaopiga bila kuangalia. Kulungu akikupa nafasi, mshukuru. Akikunyima, mshukuru pia. Na jioni usipitilize hadi kwako Woodbury. Pitia hapa kwangu, hata ukiwa mikono mitupu. Nitakuwa nimepika.