Mtu Niliyemuua Mara Sita

Hadithi nazijua mimi, ndiyo kazi yangu, kwa hiyo usinifundishe tofauti ya uongo na kweli. Nimeandika falme zilizo chini ya ziwa Tshangalele, nimeandika simba wenye meno ya shaba na waganga wanaoikunja mvua na kuitia mfukoni. Yote hayo nilitunga. Hili sikutunga. Lilitokea mchana, saa saba, nyumbani kwangu mtaa wa Panda, mjini Likasi, sufuria ikiwa motoni. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa namna gani. Nina hasira za karibu, mume wangu atakuambia. Na tangu utotoni nina tabia mbaya ya kusoma: nikishika kitabu sianzi mwanzo. Nalowesha kidole, napekua, natafuta ukurasa wa damu. Anapochinjwa mtu ndipo ninapoanzia, kisha narudi nyuma kuuliza alikuwa nani na alikosa nini. Kitabu kisicho na damu kwangu kilikuwa bukari, ugali wetu, bila mboga. Nilisoma huku nikiisonga hiyo bukari, mwiko mkono wa kulia, kitabu mkono wa kushoto, na mama mkwe wangu akilalamika kwamba imejaa mabonge. Ilikuwa na mabonge kweli.

Basi nilipoanza kuandika, niliandika kama ninavyosoma. Naandika kwenye kaye, daftari za shule, halafu mtu wa fotokopi mjini ananitolea vijitabu, vinauzwa sokoni kando ya sabuni na mishumaa. Na watu wa Likasi hawasomi kimya! Mmoja ananunua, kumi wanasikiliza, wakingoja taksi-basi au wakijikinga mvua barazani. Siku moja nilipita nikawasikia wanapiga kelele, "Muuwe! Muuwe tena!" Nilirudi nyumbani ninacheka peke yangu njiani. Mwandishi gani hataki kusikia hivyo?

Waliyetaka auawe ni shujaa wangu, Kalenga wa Mumba. Katika kila kijitabu alikufa kifo kibaya, na mwanzoni mwa kijitabu kinachofuata mganga wa ziwa alimfufua. Cha kwanza, walimpasua sikio, kisha wakamchoma mkuki. Cha pili, walimkata kidole cha shahada kabla ya kumnyonga. Cha nne, walimmwagia shingoni shaba iliyoyeyuka. Hivyo hivyo mpaka cha sita. Nilikuwa nikiandika huku natabasamu, nakiri.

Na jina nilipata wapi? Hapo ndipo kosa langu lilipo. Majina ni taabu, ndugu yangu. Ukiandika jina la mtu aliye hai, kesho yuko mlangoni anauliza kwa nini umemfanya mchawi. Kwa hiyo nilikuwa napita makaburini na kaye yangu, nanakili majina kwenye misalaba. Wafu hawaji kugomba, nilijiambia. Kalenga wa Mumba nilimwokota kwenye msalaba wa chuma uliokuwa umelala chini. Nilipenda sauti ya jina lake, basi. Sikuuliza alikuwa nani.

Kwetu kila mtu anajua jina la marehemu haliokotwi. Ukitaka kumpa mtoto jina hilo, unakwenda kwa ndugu zake na kuku mweupe, unaliomba, wanakupaka pemba, ule udongo mweupe, na mtoto anakuwa mtu wao aliyerudi. Nilijua hayo yote. Lakini nilidhani ni sheria ya watoto, si ya vitabu. Wewe uliwahi kumwona mtu akibeba kuku kwa ajili ya kitabu?

Siku yenyewe nilikuwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika, na hii nilikuwa naibeba kama yai. Mume wangu alikuwa kiwandani. Mama mkwe alikuwa amekwenda kutafuta makala, makaa ya kupikia. Mvua ilikuwa inamwagika, maji ya bukari yanachemka kwenye mbabula, jiko letu la makala, hapo karibu na mlango. Mezani palikuwa na vijitabu vyangu sita, na kaye ya kijitabu cha saba, ambayo hakuna binadamu aliyekuwa ameiona. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja tu, asubuhi ile ile: mganga anamfufua Kalenga, lakini anamng'oa jicho la kushoto liwe malipo.

"Jambo yenu, mama."

Mwanaume mrefu alikuwa amesimama mlangoni. Alivaa koti la kazi la kizamani, na kitambaa kimemfunika nusu ya uso. Nikajua ni msomaji, maana wengine walikuwa wanakuja mpaka nyumbani.

"Jambo, papa. Bitabu biko kule ku soko. Hapa siuzishe."

"Sikuye kununua. Nilikuya unisomee."

Akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa, akaweka mkono mezani. Kidole cha shahada hakikuwepo, na pale kilipokatwa nyama ilikuwa bado mbichi. Ngozi ya shingo ilikuwa imeungua mpaka imekunjamana. Nikamwonea huruma, nikafikiri ni mtu wa mgodi aliyepata ajali. Kisha akakivuta kile kitambaa. Mahali pa jicho la kushoto palikuwa na shimo, na damu inashuka shavuni. Ukurasa ule ulikuwa bado hauna saa nne tangu niuandike, unanielewa?

"Leo utanikata wapi, mama?" akauliza.

Mwingine angekimbia. Mimi nilikuambia nina hasira. Nilikamata sufuria nikammwagia maji yote ya moto usoni. Mvuke ukajaa chumba, na yeye hata hakupepesa jicho lililobaki.

"Maji?" akasema. "Weye ulisha kunimwangia shaba."

Hapo akasimama. Meza ikaruka. Alinishika nywele, akaniburuta sakafuni, akanigonga kichwa ukutani mara mbili, na mafungu ya nywele yalibaki mkononi mwake. Nilimpiga mwiko mpaka ukavunjika. Nilimuuma mkono mpaka meno yangu yakagusa mfupa, na ladha yake ilikuwa ya kutu. Haikusaidia kitu. Akanikalisha chini, akaniwekea kijitabu cha kwanza magotini.

"Soma. Sauti juu."

Nikasoma. Amini usiamini, nilipofika penye sikio, sikio lake lilipasuka mbele ya macho yangu, na damu ikanidondokea mikononi. Nilipofika penye mkuki, kifua chake kilifunguka. Nilijaribu kuruka mistari. Alinipiga kofi, jino likatoka. Hili pengo unaloliona nikicheka, ndilo hilo.

"Usiruke. Bantu balisikiaka yote."

Tulipita cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne, kile cha shaba, ngozi ya shingo ilianza kutokota na akalia. Mwanaume mzima alilia akijifunika uso kwa ule mkono wenye vidole vinne. Na mimi ndiye niliyekuwa natabasamu nikiandika hayo.

"Kila mara banasoma, nafwa," akasema. "Pa soko nafwa. Mu taksi nafwa. Batoto banacheka, nafwa. Minye nilifwaka mara moja tu, mama. Nilikuwa nimelala."

Nilimwambia sikujua. Akatikisa kichwa, akaokota kaye ya saba.

"Mu hii sifwe tena. Atafwa huyu."

Akaniwekea mkono tumboni, akakandamiza. Mtoto alipiga teke moja kubwa, halafu akanyamaza. Nikasikia damu ya moto inanishuka mapajani. Mungu wangu! Mtoto wa tatu! Hasira zangu zote ziliisha hapo hapo, zikabaki magoti na machozi. Niliushika ule mkono, sasa si kwa kupigana.

"Kalenga," nikamwambia, "ni kosa yangu. Muache mutoto. Kama unatafuta fasi ya kulala, uingie umu. Nitakuzala."

Akauondoa mkono, akaniangalia kwa jicho lake moja.

"Jina haiokotwake," akasema. "Inaombwaka. Dada yangu iko nyuma ya kanisa. Enda kwake."

Nikasikia sauti ya mama mkwe uani, analaani mvua. Nilipogeuka tena, mtu hakuwepo. Lakini benchi lilikuwa limelowa, nywele zangu zimetapakaa sakafuni, na kurasa zote nne za vifo tulizosoma zina damu ambayo haikuwa yangu.

Mama mkwe alinikuta pale chini. Nilimweleza kwa maneno machache. Mama yule hajawahi kuninyooshea hata kidole, lakini siku ile alinitandika kofi nikiwa nimelala katika damu.

"Jina ya mufu! Weye unaifanya muchezo?"

Halafu akavua kitenge chake, akanifunga tumbo, akanipandisha kwenye baiskeli ya jirani, akaisukuma mwenyewe katika mvua. Kuku wetu mweupe alikuwa amemwingiza ndani ya blauzi. Hospitali ilikuwa upande wa kushoto. Yeye akakata kulia, kuelekea kanisani.

Dada ya Kalenga alikuwa bibi mwembamba, anachambua maharage. Nilimweleza yote. Kisha akasema, "Nilikuwa nasikia jina yake. Batoto banasoma chini ya dirisha yangu. Nilibafukuza, banarudia. Nikafunga dirisha." Akayasukuma maharage kando. "Minye nilimuzika mara moja. Weye ulimuuwa mara ngapi?"

"Sita, mama."

Bibi alimpokea kuku, akampima uzito mkononi. Mwishowe akaingia ndani, akatoka na pemba, akanipaka tumboni.

"Umuzale," akasema. "Lakini usimuuwe tena."

Mtoto akacheza tumboni. Nililia kwa sauti, mbele ya wapita njia, sikuona haya.

Alizaliwa msichana. Kwetu jina halichagui mwanamume wala mwanamke. Sikio lake lilikuwa limepasuka, mkono mmoja hauna kidole cha shahada, shingoni ana kovu la kuungua, na jicho la kushoto halioni. Daktari alisema ni kitovu kilimzunguka. Sikubishana naye. Tulimbatiza, tukamwita Kalenga, na bibi yule alikuja akamshika mikononi akaimba mpaka jua likazama.

Nilidhani yameisha. Alipokuwa na wiki tatu, mchana mweupe, sikio lilianza kutoa damu katika usingizi wake. Nilijua mara moja. Nilikimbia sokoni peku, nikamkuta kijana anawasomea wenzake kijitabu cha kwanza. Nilimnyang'anya nikampiga nacho, nikakitupa kwenye moto wa muuza mahindi. Nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu. Nikamkuta mwanangu nyayo zimejaa malengelenge, analia sauti imekauka.

Kwa hiyo havichomwi. Havichanwi pia, hilo sijajaribu na sitajaribu. Navikusanya. Nina kantini, sanduku la chuma, chini ya kitanda, na ndani yake nimevilaza vyote nilivyopata. Lakini mtu wa fotokopi aliwatolea wengine, na wengine wakatoa vyao, na vingine vimekwenda hadi Kolwezi na Lubumbashi ndani ya mifuko ya watu. Mpaka leo hakuna aliyefika penye kifo chenyewe. Najua, kwa sababu mwanangu bado yuko.

Mimi siku hizi nasoma kuanzia ukurasa wa kwanza, na nikiona mtu anachukua kisu, nafunga. Na naandika bado. Kila siku naongeza ukurasa mmoja katika ile kaye ya saba. Kalenga anavua samaki. Kalenga anagombana na jirani kuhusu chumvi. Kalenga analala anakoroma. Ni kitabu kibaya, hakuna ambaye angekinunua, na ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya.

Mwaka huu Kalenga amejifunza kusoma. Wiki iliyopita nilisahau ufunguo. Nilimkuta ameketi sakafuni na kijitabu cha nne, anaunganisha herufi kwa kidole cha kati, "sha... ba...", na ngozi ya shingo imeanza kuwa nyekundu. Nilimrukia nikakivuta. Aliniangalia tu kwa jicho lake moja, hakulia.

"Mama, huyu muntu ni miye?"

Ningemdanganya vipi? Uongo wangu ndio uliomfikisha hapo.

"Ni weye."

"Na mu ile unaandikaka kila siku, nafwa?"

"Haufwe, mama yangu."

Akafikiri. "Basi usimalizake," akasema, akaenda kucheza.

Sasa nasema na wewe. Usiokote jina, hata kwa mchezo, hata kwa kitabu. Nenda kabishe hodi kwa wenyewe. Na kama nyumbani kwenu kuna kijitabu cha zamani cha Kalenga wa Mumba, usikichome, usikichane, usikifunue. Kifunge kwa kamba uniletee Panda; uliza mwandishi mwenye pengo, watakuonyesha.

Jana saa tisa Kalenga alikuwa anaruka kamba uani, sikio likafunguka. Nimelifunga kitambaa, na sijalala. Kuna mtu mahali fulani ana kile cha kwanza, na anakisoma polepole. Kama ni wewe, uliishia penye sikio. Ukurasa unaofuata ni wa mkuki. Nakupigia magoti, usifunue.